Mikono inayoamua kama farasi atakimbia

MWEZI Februari 2006, katika mnada mmoja huko Florida, Marekani, farasi wa umri wa miaka miwili aliuzwa kwa Dola milioni 16. Jina lake lilikuwa The Green Monkey. Kabla ya mnada alikuwa amekimbia umbali wa mita 200 hivi kwa sekunde 9.8, na matajiri wakagombea kumnunua kana kwamba ushindi ulikuwa tayari mfukoni.

Mambo yakawa mengine. Farasi huyo aliumia msuli wa tako akiwa mazoezini, na hakuonekana uwanjani mpaka Septemba 2007. Alishindana mara tatu tu, hakushinda hata mara moja, na mwanzoni mwa mwaka 2008 akastaafishwa. Fedha zote alizoingiza katika mbio zilikuwa Dola 10,440.

Si haki kuubebesha msuli mmoja lawama yote, kwani wapo farasi wa bei kubwa wasio na mbio. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini wenye farasi wa mashindano hawamtegemei daktari wa mifugo na mpiga kwato pekee. Wanamlipa pia mtu wa tatu, ambaye chombo chake kikubwa ni mikono yake miwili. Huyo ndiye mchua misuli wa farasi.

Mashabiki wa soka wanamfahamu mchua misuli wa timu, yule anayekimbilia uwanjani na mkoba mchezaji anapoanguka. Wa farasi anafanya kazi inayofanana na hiyo, ila mgonjwa wake ana uzito wa nusu tani, hawezi kusema panapouma, na akikasirika anaweza kuvunja mbavu za mtu kwa teke moja.

Mwili ulioshikwa na misuli

Farasi wa mbio ana uzito wa kati ya kilo 450 na 550, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni misuli. Akiwa ametulia bandani, moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akiwa kwenye shoti hupiga zaidi ya mara 220.

Binadamu ana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Farasi hana. Miguu yake ya mbele imeshikamana na kiwiliwili kwa misuli na kano peke yake, kana kwamba kifua kimetundikwa kwenye machela kati ya nguzo mbili. Na ndiyo miguu inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wake anaposimama.

Kuanzia goti kwenda chini hakuna nyama ya kusukuma mguu. Kuna mifupa, kano ndefu na ngozi. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele huvutika na kurudi kama mpira kila hatua. Watafiti wa Uingereza waliopima joto ndani ya kano hiyo wakati farasi yuko kwenye shoti walikuta linafika nyuzi 45 za Selsiasi. Kano ikichanika, mara nyingi farasi hupoteza mwaka mzima, na hata akipona anaweza kuumia tena palepale.

Hapo ndipo penye mantiki ya kazi hii. Misuli ya juu ikichoka au ikikakamaa, haifanyi tena kazi yake ya kupokea kishindo, na mzigo unashukia kano na mifupa ya chini. Farasi mwenye maumivu ya kiuno upande wa kushoto huhamishia uzito mguu wa mbele wa kulia. Wiki kadhaa baadaye watu wanaona mguu huo umevimba na wanauhangaikia, kumbe shida ilianzia kiunoni.

Isitoshe, farasi ni mnyama aliyezoea kuwindwa. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Kwa hiyo huficha maumivu mpaka yazidi uwezo wake. Dalili za mwanzo ni ndogo: analaza masikio anapofungwa mshipi wa tandiko, anang'ata hewa anaposuguliwa mgongo, anakata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili, au anaacha chakula kidogo kwenye chombo.

Kazi inavyofanyika

Mji wa Newmarket nchini Uingereza unajulikana kama makao makuu ya mbio za farasi. Una wakazi wapatao 20,000, na farasi wanaofunzwa hapo ni kati ya 2,500 na 3,000. Alfajiri makundi ya farasi huvuka barabara za mji kwenda kwenye vilima vya mazoezi, na magari husimama kuwapisha. Wakirudi bandani, wakaoshwa na kupoa, ndipo mchua misuli anapoanza zamu yake.

Jambo la kwanza si kugusa. Ni kuuliza. Saisi, yaani mtunza farasi anayelala na kuamka na mnyama huyo, ndiye mwenye habari zote: amekula vipi, amekojoa vipi, ameanza lini kuvuta hatamu upande mmoja. Mpanda farasi naye huulizwa alihisi nini mgongoni.

Kisha farasi hutembezwa kwenye sakafu ngumu na iliyo sawa, akienda na kurudi, halafu kwa matiti, ule mwendo wa kudundadunda. Mchua misuli humtazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Anaangalia kichwa kama kinapanda na kushuka, nyonga kama ziko sawa, na mlio wa kwato kama una mapigo yanayolingana.

Baada ya hapo mikono inaanza kusafiri, kutoka nyuma ya masikio, shingoni, mabegani, mgongoni, hadi mapajani. Upande wa kushoto hulinganishwa na wa kulia kila mara. Joto hupimwa kwa mgongo wa kiganja. Msuli wenye afya ukiwa umetulia huwa laini kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Wenye shida huwa mgumu kama ubao, au una fundo, au unaruka unapoguswa.

Kuchua kwenyewe kuna hatua zake. Huanza na kupapasa kwa viganja vizima, kwa mkandamizo mwepesi, ili damu itembee na mnyama azoee. Hufuata kukanda, yaani kuushika msuli, kuunyanyua na kuubana kama mtu anayekanda mkate. Penye fundo hutumika ncha za vidole au kiwiko, kwa kubonyeza na kusubiri. Mwisho viungo hunyooshwa polepole, bila kuvuta kwa nguvu.

Anayemwongoza katika yote hayo ni farasi mwenyewe. Akishusha kichwa, akilegeza mdomo wa chini, akilambalamba au kupiga miayo, mikono iko mahali pake. Akikaza shingo, kusogea pembeni au kupiga mkia, mchua misuli hupunguza nguvu au huondoka hapo kabisa.

Zipo pia mbinu zisizohitaji nguvu za mtu. Moja ni ya karoti. Farasi huonyeshwa karoti na kuifuata kwa mdomo: kifuani, ubavuni karibu na nyonga, kisha katikati ya miguu ya mbele. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu farasi wanane waliofanyishwa mazoezi hayo siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu. Misuli midogo inayoshikilia uti wao wa mgongo ilionekana kunenepa.

Kwa upande wa kuchua, ushahidi wa kisayansi si mwingi kiasi hicho. Upo unaoonyesha kuwa mapigo ya moyo hushuka na mgongo hulegea. Haupo wa kutosha kuthibitisha kwamba farasi aliyechuliwa atashinda mbio. Mchua misuli anayemwahidi mwenye farasi ushindi ni wa kuogopwa.

Ilikoanzia

Watu wamekuwa wakiwasugua farasi kwa vishada vya majani makavu tangu zamani, lakini taaluma hii kama ilivyo leo ni changa. Nchini Uingereza, Charles Strong, aliyekuwa akiwatibu kwa viungo watu wa familia ya kifalme, alianza kuwatibu farasi wa polo wa Lord Mountbatten. Alichokifanya kilikuwa kuhamishia kwa mnyama mbinu alizotumia kwa binadamu.

Marekani alikuwapo Jack Meagher, mchua misuli wa wanamichezo, ambaye kitabu chake kuhusu misuli ya farasi kilitoka mwaka 1985. Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, Mwingereza Mary Bromiley alitoa kitabu kuhusu majeraha ya farasi na namna ya kumrudishia nguvu. Wote watatu walianzia kwa binadamu kabla ya kuingia bandani.

Neno gumu kabla ya siku ya mbio

Sehemu ngumu ya kazi hii ni kusema. Mchua misuli hulipwa na mkufunzi au mwenye farasi, na hao wote wanataka farasi akimbie. Ada ya kuingia mashindano imelipwa, gari la kusafirisha limekodiwa, mpanda farasi ameajiriwa. Siku mbili kabla ya mbio, mikono inakuta joto mahali ambapo wiki iliyopita hapakuwa na joto.

Akinyamaza, ajira yake iko salama kwa siku hiyo. Akisema, anaweza kuambiwa anaharibu biashara ya watu.

Gharama ya kunyamaza inajulikana. Kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Juni 2019, farasi 30 walikufa katika uwanja wa Santa Anita, California, katika mbio na mazoezini. Kelele za umma zilikuwa kubwa, na zikachangia kuundwa kwa mamlaka ya taifa ya usalama wa mbio za farasi nchini Marekani, ambayo kanuni zake za usalama zilianza kutumika Julai 2022.

California ina utaratibu, ulioanza mwaka 1990, wa kuwapasua na kuwachunguza farasi wanaokufa viwanjani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walibaini kwamba mifupa mingi iliyovunjika ghafla ilikuwa tayari na ufa mdogo au uharibifu wa siku nyingi mahali palepale. Kwa maneno mengine, ajali nyingi zilikuwa zimebisha hodi kabla ya kuingia.

Mikono haiwezi kuona ufa ndani ya mfupa. Kazi hiyo ni ya eksirei. Lakini mikono inayomgusa farasi yuleyule kila wiki inaweza kugundua kwamba leo kuna mabadiliko, na hiyo ndiyo sababu ya kumwita daktari mapema. Na si farasi peke yake aliye hatarini. Anapoanguka akiwa na kasi ya kilomita 60 kwa saa, kuna mtu mgongoni.

Mpaka na daktari

Kwa sababu hiyo, Uingereza imeweka mpaka kisheria. Sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 1966 inamwachia daktari peke yake kazi ya kutambua ugonjwa. Amri ya mwaka 2015 inaruhusu tiba ya viungo kwa mnyama mgonjwa ikiwa daktari amemchunguza na kuagiza tiba hiyo. Mchua misuli haandiki dawa, hadungi sindano, na hatamki kwamba farasi ana ugonjwa fulani. Anasema alichokigusa.

Hata hivyo kuna mwanya. Nchini humo cheo cha mtaalamu wa tiba ya viungo kwa binadamu kinalindwa na sheria, lakini cha wanyama hakilindwi. Mtu aliyesoma mwishoni mwa wiki mbili anaweza kujitangaza sawa na aliyesoma miaka mitano. Ndiyo maana wenye farasi makini huuliza kwanza kama mtu yumo katika daftari la chama cha wataalamu na kama ana bima.

Mafuta ya kuchua nayo yana mitego yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008, ambayo mashindano yake ya farasi yalifanyika Hong Kong, farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini mwilini. Hiyo ndiyo kemikali inayofanya pilipili iwe kali, na hutiwa katika baadhi ya dawa za kuchua. Inatuliza maumivu, na pia inaweza kuifanya ngozi iwe nyepesi kuhisi uchungu, hivyo ni marufuku. Wapanda farasi hao waliondolewa mashindanoni, na timu ya Norway ikapokonywa medali ya shaba.

Somo lake ni rahisi: mchua misuli anayejali jina lake husoma kila neno lililoandikwa kwenye chupa kabla ya kuifungua.

Inavyolipa

Kama biashara, kazi hii haihitaji mtaji mkubwa wa vifaa. Kinachogharimu ni masomo, usafiri na bima. Nchini Uingereza njia iliyozoeleka ni kusomea kwanza tiba ya viungo ya binadamu, kisha kuongeza shahada ya wanyama. Vipo pia vyuo, kama Harper Adams, vinavyofundisha moja kwa moja tiba ya viungo ya wanyama.

Wengi hujiajiri. Hulipwa kwa farasi mmoja mmoja, na hutembelea mabanda kadhaa kwa siku. Mapato hupanda msimu wa mbio na kushuka msimu ukiisha. Matangazo hayasaidii sana. Mkufunzi mmoja akiridhika huwaambia wenzake, na akichukizwa pia huwaambia.

Adui wa biashara hii ni mwili wa mwenye kuifanya. Kukandamiza misuli minene kwa saa nyingi huumiza vidole gumba, viwiko na kiuno. Wenye busara hujifunza kutumia uzito wa mwili badala ya nguvu za mkono, hupandia kibao ili wafikie mgongo wa farasi, na huwekea kikomo idadi ya farasi wa siku moja.

Afrika Mashariki soko lake ni dogo. Nairobi ina uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954 na ambao mbio zake husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Vipo pia vilabu vya polo na shule za kupanda farasi. Kijana mwenye stashahada ya tiba ya viungo kutoka chuo cha KMTC, au aliyesomea afya ya mifugo, ana msingi wa kuanzia. Lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu madaktari na wasaidizi wa tiba ya mifugo inawataka wanaotibu wanyama wawe wamesajiliwa. Anayetaka kuingia humo aanze kwa kufanya kazi chini ya daktari, si kwa kubandika kibao barabarani.

Somo kwa mwenye punda na maksai

Wafugaji wengi hawatamiliki farasi wa mbio maishani mwao. Lakini punda wa mkokoteni na maksai wa jembe ni wanamichezo pia, tena wasio na likizo. Punda huvumilia maumivu kuliko hata farasi, na mara nyingi mwenyewe huja kugundua siku anapolala chini na kukataa kuamka. Siku hiyo maji hayabebwi, mahindi hayafiki sokoni, na mapato ya nyumba yanasimama.

Mambo yafuatayo hayagharimu kitu:

Mguse mnyama wako kila siku kabla ya kumfunga. Pitisha kiganja shingoni, mabegani, mgongoni na miguuni, ukilinganisha kushoto na kulia. Baada ya wiki mbili mkono wako utajua hali yake ya kawaida, na jambo geni likitokea utalitambua.

Mtazame akitembea mtupu, bila mzigo. Kichwa kinachopanda na kushuka kila hatua ni dalili kwamba kuna mguu wa mbele unaouma.

Kagua panapokaa tandiko, shela na nira. Manyoya yaliyokatika au kuwa meupe ni ushahidi wa mkandamizo. Kumchua mgongo jioni na kumrudishia tandiko lilelile bovu asubuhi ni kazi bure. Weka kitambaa kinene, laini na kikavu, na usitumie kamba ya nailoni inayokata ngozi.

Mwanzishe polepole. Dakika kumi za kutembea bila haraka huipasha misuli joto kabla ya mlima au mzigo mzito. Akimaliza kazi, mwache atembee kidogo kabla ya kusimama, mpe maji, kisha msugue kwa kishada cha majani makavu.

Usichue mahali palipovimba na kuwa na moto, wala penye kidonda. Uvimbe mpya wa mguu humwagiwa maji baridi kwa dakika 20 hivi, mnyama akapumzishwa, na daktari wa mifugo akaitwa. Kukanda jeraha jipya kwa maji ya moto au mafuta makali huongeza uvimbe.

Mnyama anayekakamaa ghafla baada ya kazi, akitoka jasho jingi na mkojo wake ukawa wa rangi ya kahawia, asitembezwe wala kuchuliwa. Misuli yake inaharibika ndani kwa ndani. Aachwe palepale alipo, afunikwe kama kuna baridi, na daktari aitwe mara moja.